Mbele ya bandeji, weka kwanza fimbo chini

Kila wakati nikisema niko nafundisha batoto ba maternele huduma ya kwanza, lazima kukuwe mutu wa kucheka. "Mutoto wa myaka tano atafunga bandeji wapi, na ata kamba za kiatu yake bado hajue kufunga?" Sawa, bandeji hatafunga. Lakini mutoto mudogo hatumufundishe ili akuwe infirmie, (muuguzi), tunamufundisha mambo tatu tu: asimame, asifuate mwenzake mu hatari, aite mukubwa mbio. Basi. Kule Norwe mu 2011 balitoa utafiti juu ya batoto ba myaka 4 na 5, balibafundisha na kadoli ka kuvaa ku mukono, na batoto bakaweza kuangalia kama mutu anajibu, kama anapumua, na kuita musaada. Sasa wa kwetu mwenye anabebaka bidon ya litre tano kutoka ku robine na anachunga kadogo kake ku mugongo, huyo njo ashindwe?

Ile ya tatu njo inanisumbuaka, ile ya kuita mukubwa. Ju batoto betu bengi bakiumia habaite. Banajificha.

Kuko mutoto mumoja wa hapa kwetu Ndosho, mu Goma, sitamutaja, alipindua sufuria ya sombe (majani ya muhogo) ku mbabula (jiko ya makala) na ile mafuta ya moto ikamwangikia ku mukono, kuanzia ku kiwiko mpaka karibu ya bidole. Hakulia. Alifagia sombe, akatupa mu majani, akavaa pull yake ya masomo yenye mikono mirefu, akalala nayo, kesho yake akaenda nayo ku masomo, na siku mbili ikapita hivyo. Mama yake alikuja kujua wakati wa kumwosha, pull ikakatala kutoka ju ilikuwa imeshashikana na ngozi. Mama njo alinielezea mwenyewe, na kitu yenye ilimuuma haikuwa ata kidonda, ni jibu ya mutoto: "Niliogopa ju ya sombe." Unaona? Mu kichwa ya mutoto hesabu ilikuwa rahisi sana, kidonda inauma mara moja, fimbo ya mama itaongeza ya pili, sasa bora ibakie moja.

Kwa hiyo jumamosi yenye batoto ba majirani banakuja hapa mu parseli tunatandika mikeka, mi naanzaka na bazazi, si na batoto. Naomba mama ao baba aseme mbele ya mutoto, kwa sauti, na mimi niko nasikia: ukiumia ukaniambia, sitakupiga. Ata kama ulivunja. Ata kama nilikukataza. Utani wenyewe unaanza hapo ju kuko bapapa benye banakohoa kwanza, banaangalia mapaa, kisha banasema "lakini madamu, sasa basipopigwa bataacha kucheza na moto?" Nabaambiaka: baba, mambo ya azabu tutaongea kesho, leo tuko naongea mambo ya mukono. Mutoto akikuletea kidonda mbio, maji ya dakika ishirini inaweza kuokoa ile ngozi. Akificha siku mbili, uko na deni ku lopitali.

Sasa tuingie mu kuungua yenyewe, ju hapa Goma njo naona sana kuliko yote. Mbabula iko chini, sawasawa na goti ya mukubwa na kifua ya mutoto, makala iko nyekundu, sufuria imekaa juu ya mawe tatu ao juu ya kile kichuma chenye kimepinda, na mutoto anapita akikimbia. Kila mutu iko na dawa yake. Kolgate. Mafuta ya ngombe. Yai. Asali. Udongo ya kichuguu, na niliona mutu mwenye aliweka unga ya muhogo, sijui alitaka kukaanga. Yote hiyo inafungia moto ndani ya ngozi, na infirmie atakuja kuitoa tena kwa kukwangula wakati mutoto analia. Dawa ni maji. Maji ya baridi ya kawaida, si barafu, yakimwagika juu ya mahali penye kuungua kwa dakika 20. Si dakika mbili, ishirini.

Na hapo njo bamama banainua mukono: madamu, maji ya kumwaga dakika ishirini tutaitoa wapi? Ni kweli kabisa. Bitabu byote binasema "fungua robine", wenye kuandika habajue kama robine ya kwetu inaweza kukaa wiki bila kulia, na bidon unainunua, na kuna siku inapanda bei. Basi tunafanya hivi: beseni safi chini, mukono ya mutoto juu ya beseni, kopo moja inachota na kumwaga polepole, maji inarudi mu beseni, unachota ile ile tena. Bidon moja ya njano, nusu yake inatosha. Ikianza kupata joto, unaongeza kidogo ya mupya. Kwa batoto tulifanya mazoezi na doli ya bitambaa, mumoja anashika mukono ya doli, mumoja anachota, bengine banaimba. Banaimba nini? Wimbo yoyote yenye banapenda, wakiimaliza banaanza tena mpaka niseme basi, na kwa kweli banachoka, hiyo njo nataka, basikie ku mwili kama dakika ishirini iko ndefu. Kuko kasichana kamoja ka myaka sita kaliniuliza kama doli bado inasikia uchungu. Nikasema ndiyo. Akakataa kuacha kumwaga, tukamwachia beseni mpaka wengine bakaenda kula.

Nguo yenye imeshikana na kidonda usiivute. Ile haijashikana toa, na toa bangili mbele mukono haijavimba. Funika na kitambaa safi ao sashe safi ya plastiki, usifunge kwa nguvu. Kama kuungua kunapita ukubwa wa kiganja cha mutoto mwenyewe, ao iko ku uso, ku mikono, ku sehemu za siri, usibakie nyumbani, peleka. Malengelenge usitoboe, najua bidole binawasha kutoboa lakini acha.

Kuungua nyengine yenye hatusemaka ni ya moto, nasema moto ya kupanda, pikipiki ya motari. Angalia miguu ya batoto ba Goma, mundi wa kuume, utaona ile alama ya mviringo kama kadi. Eshapma, ile bomba ya moshi. Eshapma iko upande wa kuume na mutoto anateremukiaka kuume ju njo kwenye balabala ina vumbi kidogo, ao ju motari amesimama vibaya, muguu inapita palepale. Batoto bangu sasa banajua: kupanda kushoto, kushuka kushoto. Kuko motari mumoja alinikasirikia ati mutoto amekataa kushuka upande wake, alibakia amekaa kama bwana mukubwa mpaka moto igeuzwe. Nilifurahi bure.

Haya, sasa ile ya pili, kutofuata. Hii ni ngumu kuliko yote kufundisha, ju inaenda kinyume na roho ya mutoto. Mwenzako ameanguka, unakimbia kumusaidia, si tunabafundisha upendo? Lakini hapa kwetu kufuata kunaua mutu wa pili na wa tatu.

Chukua mazuku. Bageni benye banasoma hii na habajue: ni ile gaz karboniki inatoka mu udongo upande wa magaribi ya muji, Bulengo, Lac Vert, kwenda Sake, ata mu maparseli fulani ya karibu na ziwa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini, mu mashimo na mu mabonde ya mawe ya volkano, haina rangi, haina harufu, na usiku ao asubuhi mapema wakati upepo haiko inajaa zaidi. Mukubwa anaweza kusimama hapo akapumua vizuri, ju pua yake iko juu, wakati mbuzi na mutoto penye bako, chini, hakuna tena hewa. Sasa balo (mupira) ya batoto inaingia mu shimo. Wa kwanza anainama kuchukua balo, analala. Wa pili anaona, anashuka kumuinua, analala. Mama anakuja... Tunafanyaka muchezo hapa: nimechora duara na makala chini, naweka balo ndani, mutoto mumoja anajifanya ameanguka, na benye kubakia lazima babakie inje ya duara na bapige kelele zote zenye bako nazo. Mwenye ataingia ametoka mu muchezo. Kila mara kuko mwenye anaingia. Kila mara, na ni wale wenye roho nzuri. Naendelea mpaka asiingie mutu.

Wakubwa pia basikilize: ukiona panzi na mijusi imekufa mu shimo, majani imekauka kama ilioshwa na kitu, usipeleke batoto kucheza hapo, na asubuhi usitume mutoto kutafuta kuni mu bonde mbele ya jua kupanda vizuri.

Ziwa ni hivyo hivyo. Kivu haina mamba haina kiboko, batu banaisifia ju ya hiyo, na ni kweli, lakini ziwa yenyewe inafika mita 485 kwenda chini na kando-kando mahali pengi haishuke polepole, unapiga hatua mbili juu ya mawe ya volkano yenye utelezi, ya tatu hakuna chini. Batoto banaenda kuchota na kuosha sahani kule. Mwenzako akizama, usiruke. Uko na nini mukononi? Bidon! Bidon tupu yenye kufungwa vizuri inaelea, hiyo njo boya yetu, tupa bidon, kama kuko kamba funga kamba kwanza, ao sukuma muti mrefu ukiwa umelala tumbo chini, na benye kubakia bakimbie kuita bavuvi. Tulifanya mazoezi ya kutupa bidon mu parseli, na nilishangaa, batoto banajua kutupa kuliko sisi. Shida yao ni kusahau kifuniko.

Na umeme, ju hapa kuko waya zenye zinapita juu ya mapaa kama kamba za nguo: mutu akishikwa usimuguse, ata kama ni mama yako. Ita mukubwa azime kwanza. Mutoto mudogo asijaribu na fimbo asijaribu na nini, aite tu.

Kisha vita ya mwanzo wa 2025 kuko jambo lingine lenye liliingia mu masomo yangu na sikulipenda lakini nitafanya nini. Batoto banaokotaka feraye, byuma bya kutupwa, ya kuuza. Na mu zile feraye kunaweza kuwa bombe yenye haijapasuka, inafanana na kopo, inafanana na ndizi ya chuma, inaweza kuwa na rangi nzuri. Nafundisha hivi: umeona chuma yenye hauijue, simama. Usiguse, usitupie jiwe. Rudi na njia ile ile ulikujia, kanyaga penye ulikanyaga. Ambia mukubwa. Na hapo tunarudia kwa fimbo tena, ju kama ulimukataza kuokota feraye na anajua atapigwa, hatakuambia kama kuko bombe nyuma ya choo ya jirani, atanyamaza, na kesho kadogo kake kataiokota.

Jina. Hii bazazi banaidharau. Uliza mutoto wako sasa hivi jina ya baba yake. Atakujibu "Papa". Ya mama? "Mama." Unakaa wapi? "Kwetu." Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jumamosi mangaribi, Nyiragongo ikapasuka, batu bakakimbia, bamoja Sake, bengine Gisenyi, giza, magari, mbuzi, magodoro ku kichwa, na UNICEF ikasema batoto zaidi ya 150 balitenganishwa na familia zao. Basi fikiria uko mutu wa Msalaba Mwekundu umeshika mukono ya mutoto wa myaka ine na anakuambia baba anaitwa Papa. Kwa hiyo mu kundi yangu kila mutoto anajifunza majina ya mama yote, ya baba yote, kartie, avenue, na numero moja ya simu. Numero tunaimba, ju kuhesabu bado, lakini kuimba banajua. Kuko mama alibadilisha SIM bila kuniambia, mutoto akakatala kabisa kuimba ile mupya, ati haiimbike vizuri.

Bingine napita mbio. Damu ya pua: inama mbele, si nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kufungua-fungua kuangalia, pumua na kinywa. Kuinua kichwa juu kunafanya ameze damu na atapike. Kukabwa na karanga: kama mutoto anakohoa kwa nguvu mwache akohoe, kama sauti imekatika mukubwa amwinamishe amupige mara 5 kati ya mabega, na kama amepita mwaka moja na haijatoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia. Kwa katoto kachanga tumbo usikandamize, unakandamiza katikati ya kifua. Bidole mu koo kutafuta karanga yenye hauioni, hapana, unaisukuma.

Petroli: kosa ni la mwenye aliitia mu chupa ya Fanta. Mutoto akimeza usimutapishe, usimupe mawese, usimupe maziwa, ju ile petroli ikirudi juu inaingia mu mapafu njo inaua. Chukua chupa na mutoto, wote wawili, muende lopitali. Na mbabula yenye makala haijazimika isilale na batu ndani, ata kama mvua imeleta baridi yetu hii ya Goma, hewa yake haina harufu na hamutaamka.

Kifafa nataka nisimame kidogo, ju mu kundi yangu kuko mutoto mwenye iko nayo, na mwaka jana akianguka bengine banakimbia ati mate yake inaambukiza. Haiambukize. Tulifanya mazoezi akiwa mwenyewe, anatuonyesha: toa mawe na sahani karibu yake, weka kikwembe chini ya kichwa, usimushike mikono, kijiko usitie mu kinywa kabisa kabisa, meno itavunjika na kidole yako nayo. Ikiisha kutikisika, mulaze upande. Ikipita dakika tano, mbio lopitali. Siku alianguka kweli, ku masomo, ni batoto bawili ba kundi hii njo balitoa mabenchi, na mwalimu wao alikuwa na kijiko mukononi tayari, bakamuambia, "Madamu, hapana kijiko." Hakufurahi sana yule mwalimu. Na tukibaki na hiyo, munajua kwetu mutoto kumukataza mukubwa ni adabu mbaya, kwa hiyo natoa ruhusa kwa mambo ya damu, moto na kinywa tu, bakisema kwa heshima. Kwa mengine yote babakie batoto.

Bamama benye baliniuliza kasha ya dawa ya nyumbani iwe na nini: kompresi safi, bandeji, sabuni ya kipande, Betadine, gans (glavu) ya plastiki, mukasi, tochi yenye betri inaaka, serumu ya kuhara ya mu sashe, kikwembe kimoja safi chenye hakivaliwi na mutu, na karatasi yenye numero za simu imeandikwa kubwa. Haina pesa nyingi, unaweza kununua kidogo kidogo ku farmasi ya kartie. Weka juu penye kadogo hakafiki lakini mukubwa wake anafika na kiti. Na tafazali, usiifunge na kifunguo. Nimeona nyumba tatu ine yenye kasha iko nzuri kabisa, kufuli iko nzuri kabisa, na mama iko Virunga ku soko na kifunguo imefungwa ku pindo ya kikwembe yake.